Nani Alisema Toa?

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, pole, nitakupa kwa ufupi. Mimi ni Ambokile, Mnyakyusa wa Tukuyu niliyeoa Tarime. Niliuza ng'ombe wawili wa mke wangu Mokami bila kumwambia, nikaongezea na akiba yangu, nikanunua Noah nyeupe, nikamdanganya kwamba ng'ombe wameibiwa. Akaujua uongo wangu. Akabeba nguo zake akarudi kwa mama yake, kijijini Susuni.

Niliwasimulia pia sharti la mama mkwe. Hakuniambia mwenyewe, maana huku mama mkwe na mume wa binti yake hawaongei ana kwa ana. Alimtuma Mokami: "Mwambie, hilo gari likipata kazi, aje akuchukue. Lisipopata, alale na gari lake."

Kazi ikapatikana. Kambi moja ya watalii karibu na Robanda ilitaka gari la kubeba wafanyakazi, alfajiri na jioni, mwaka mzima. Kilichobaki ni gari kukaguliwa tu. Nikaanza kufagia nyumba kabisa, nikanunua na sufuria mpya.

Haya, twende, kama bado una moyo. Mimi wangu umeshachoka.

*

Mkaguzi wa kambi anaitwa Jesca, dada mmoja asiyecheka ovyo. Alipima breki, taa, mikanda na matairi, kote akaweka tiki. Nikaanza kumwona Mokami akishuka garini na mabegi yake.

Kisha Jesca akatoa mashine yenye mrija mrefu, akauchomeka kwenye bomba la moshi.

"Washa. Kanyaga mafuta kidogo. Shikilia hapo hapo."

Nikashikilia. Mashine ikalia. Jesca akaitazama mashine, akalitazama gari, akanitazama mimi.

"Kaka Ambokile, gari limefeli."

"Limefeli nini?"

"Moshi."

Nikashuka, nikazunguka nyuma. Bomba lilikuwa halitoi hata moshi wa kufukuza mbu.

"Dada, huo moshi uko wapi? Mbona siuoni?"

"Usioonekana ndio wenyewe. Sogeza pua."

Nikasogeza. Macho yakaniwasha kama nimemenya kilo ya vitunguu.

"Wenye kambi wana masharti yao ya hewa," Jesca alisema. "Siwezi kuyabadilisha. Nakupa mpaka Jumamosi saa nne asubuhi. Baada ya hapo kuna mwenye Hiace anasubiri nafasi yako."

Hiyo ilikuwa Jumanne.

Jioni nilimpigia Mokami. Sikumwambia limefeli. Nilimwambia kuna kasoro ndogo tu ya karatasi. Unaona, ndugu msomaji? Sijaponyoka kwenye uongo wa kwanza, nimeshapanda mwingine.

"Mama anauliza kama kazi umepata," alisema.

"Mwambie Jumamosi."

"Ambokile, nimechoka na Jumamosi zako."

Akakata simu.

*

Jumatano nilikuwa Mugumu kwa fundi Method. Huyu ni Mhaya mpole ambaye huongea na injini kuliko anavyoongea na watu.

"Unaweka mafuta ya wapi?" aliniuliza.

"Ya kawaida."

"Kaka, mimi si polisi."

"Ya madumu," nilisema. "Yanatoka Sirari, mpakani."

Akachota kidogo, akanusa, akaninusisha na mimi. "Hii ni petroli iliyooa mafuta ya taa. Tunaanzia hapa."

Akayamwaga yote. Tukaweka petroli ya kituoni. Akafungua plagi, zote nne zilikuwa nyeusi kama zimetoka jikoni kwa mama lishe. Tukabadilisha. Akafungua eya klina, akaigonga chini, likamwagika vumbi la kutosha kupanda mihogo. Tukabadilisha. Akachomeka kompyuta yake.

"Oksijeni sensa imekufa. Hii ndiyo inayoiambia injini ichome mafuta kiasi gani. Yako haiambii kitu, injini inajinywea tu."

Alikuwa na nyingine iliyotumika. Akaifunga. Injini ikatulia, ikawa inasema taratibu kama mtoto aliyeshiba. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia fundi wa watu na grisi zake.

Alhamisi asubuhi nikawa Robanda tena. Jesca akachomeka mrija.

"Imeshuka," alisema.

"Ashukuriwe Mungu!"

"Imeshuka, lakini bado. Ni karibu mara tatu ya kiwango. Kaka, usinisumbue kwa kubahatisha. Nenda katafute ugonjwa wenyewe."

Nikarudi Mugumu. Siku hizo mbili nilikuwa nimekula ndizi tatu na chai. Method hakunipa hata pole. Aliingia chini ya gari na spana, akaanza kuligonga bomba kutoka mbele kwenda nyuma. Ko, ko, ko. Halafu, katikati, nge.

"Umesikia?"

"Nimesikia bomba."

"Umesikia debe tupu. Hapa panatakiwa pawe na masega."

Kwa wewe usiyekaa gereji, masega ni kile kitu kilicho ndani ya bomba la moshi, chenye vitundu vitundu kama masega ya nyuki. Kazi yake ni kuusafisha moshi kabla haujatoka. Yakiziba, fundi huyatoa na kusema sasa gari litapumua. Ndani yake mna madini, kwa hiyo yana wanunuzi, wanazunguka gereji hadi gereji.

"Ungebadilisha hata injini nzima usingepita," Method alisema. "Mtu kakata hapa, katoa, kachomelea vizuri sana. Nani alikuwa chini ya gari hili?"

Nilimjua mara moja. Tangu nilinunue, mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kulala chini yake. Fundi Machage wa Tarime mjini, mwezi wa nne, aliponifungia gia boksi.

"Basi kamuulize," alisema Method. "Ukinipatia hayo masega leo au kesho, nakuchomelea kwa saa moja, Jumamosi unapita."

Kamuulize. Neno jepesi hivyo, likanishinda.

*

Ijumaa. Hapa, msomaji, naomba usinihurumie. Kuuliza si ujinga, tumefundishwa hilo tangu darasa la kwanza. Mimi sikuuliza. Nilianzia polisi, Tarime mjini.

Nilipokelewa na Afande Kijakazi, mama wa Pangani, anayeongea taratibu hata ukimletea habari za moto.

"Umeshamuuliza huyo fundi?"

"Mwizi haulizwi, afande."

"Mwizi haulizwi," alirudia huku akiandika. "Haya, twende tukamuone."

Machage ni mtu wa miaka hamsini na kitu. Tulimkuta chini ya Fuso, miguu tu ndiyo iliyokuwa nje. Ningeweza hata pale kuinama nikamuuliza kwa sauti ya chini. Nilisimama katikati ya gereji nikapaaza sauti.

"Mwizi! Toka huko! Masega yangu yako wapi?"

Aliyekuwa anachomelea akazima mashine yake. Neno hilo huku halirushwi ovyo. Limeshaua watu.

Machage akatoka taratibu, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole.

"Mura, umesema nini?"

"Umenisikia."

"Rudia. Hawa wote wasikie vizuri."

Nikarudia. Mungu anisamehe, nikarudia kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza.

"Masega niliyatoa," alisema. "Sijakataa. Lakini niliambiwa toa."

"Na nani?"

"Mke wako."

Nikacheka. "Mke wangu hajui hata maji ya gari yanawekwa wapi!"

"Basi twendeni kituoni," Machage alisema. Yeye ndiye aliyetangulia mlangoni.

*

Kituoni tulikaa kwenye benchi moja, yeye kule, mimi huku. Watu wanne walikuwa wanasubiri mambo yao, sasa wakawa wanasubiri la kwetu. Afande Kijakazi akachukua maelezo ya Machage.

Masega yenyewe yalikuwepo. Yalikuwa kwenye gunia, stoo, maana mnunuzi alikuwa hajapita tangu mwezi wa tatu. Machage aliyasema hayo huku ananitazama.

"Ungekuja ukaniuliza, mura, saa hizi ningekuwa nayachomelea. Kesho asubuhi ungekuwa Robanda, na chai umeshakunywa."

Niligeuka nikasoma mabango ya ukutani.

"Ushahidi kwamba uliambiwa?" afande aliuliza.

"Nina sauti. Simu yangu inarekodi zote. Wateja wa siku hizi, leo anakwambia fanya, kesho anakana. Nimekomeshwa mara nyingi."

Hapo nikakumbuka. Mwezi wa nne simu yangu ilikuwa imetumbukia chooni. Mokami alikuwa Susuni kwa wiki mbili, anamsaidia mama yake kupalilia. Nami kwa mkono wangu niliandika namba ya Mokami kwenye daftari la gereji, fundi apige kukiwa na lolote. Ina maana kweli Mokami alisema toa, na hakuniambia?

Afande akaiweka simu mezani, sauti juu. Kwanza zikasikika nyundo za gereji. Kisha:

"Haro? Nani?"

"Fundi wa gari, mama, hapa Tarime. Ile Noah."

"Ehe."

"Kuna masega huku chini. Yameziba. Niyatoe?"

"Masega?"

"Ndiyo, mama."

"Kwenye gari?"

"Chini huku, kwenye bomba."

"Weee! Toa! Toa yote, kabra watoto hawajaumwa!"

Machage wa kwenye simu akacheka. "Sawa, mama. Nikuwekee, au?"

"Asari ya gari nani atakura? Kaeni nayo wenyewe!"

Kituo kizima kikaangua kicheko. Mzee mmoja aliyekuja kushtaki kuibiwa baiskeli aliisahau baiskeli yake. Afande Kijakazi alijifuta machozi kwa upande wa kofia.

"Nilijua ananitania," Machage alisema, na yeye tabasamu limemponyoka. "Sisi wenyewe gereji tunayaita asali, kwa vile yanavyogombewa."

Mimi sikucheka. Haikuwa sauti ya Mokami.

Sauti ile naijua. Miaka sita nimeisikia kupitia ukutani na dirishani, ikisema, "Mokami, mwambie mume wako ugari uko tayari." Kwetu Tukuyu anayekimbia ni mke wa mwana. Akimwona baba mkwe anapita, anajificha. Huku ni mimi na mama mkwe. Hatupeani mikono, hatutazamani, shikamoo naitoa nikiwa nimeangalia pembeni na yeye anaiitikia akiwa ameangalia kwingine. Kwa hiyo siku ile aliyepokea simu ya Mokami alikuwa yeye. Akasikia masega, na kwake masega ni ya nyuki, hakuna mengine. Angenieleza vipi, na mimi ndiye mtu asiyeongea naye? Aliona ameniokolea watoto wa watu na nyuki, yakaishia hapo.

"Bwana Ambokile," afande aliniita. "Huyu mama ni nani? Unaijua sauti hii?"

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo nililolikalia kimya tangu toleo la kwanza.

Nilipiga hesabu upesi. Nikisema ni mama mkwe, jina lake linaingia kwenye daftari la polisi, na kicheko kile kinasafiri mpaka Susuni kabla ya jua kuzama. Mama aliyetoa nyuki kwenye gari! Na yeye ndiye mwenye neno la mwisho juu ya Mokami kurudi. Nisipomtaja, masega yanachukuliwa stoo kama mali ya wizi, Method anayachomelea, Jumamosi napita, mke narudishiwa. Machage atalala ndani siku moja mbili, halafu yatakwisha.

Ndivyo nilivyofikiri. Siku moja mbili, kana kwamba siku za mtu ni maganda ya karanga.

"Siijui," nilisema.

"Hujawahi kuisikia?"

"Sijawahi, afande. Huyu fundi atakuwa amempigia mtu wake."

Kicheko kikakatika. Machage akanigeukia. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Alinitazama kwa uchovu, kama mtu aliyeshafanyiwa hivi na wengine kabla yangu.

"Miaka ishirini na mbili nafunga magari," alimwambia afande, si mimi. "Sijawahi kukaa kwenye hili benchi."

Afande Kijakazi aliichukua simu, akatazama kioo. "Namba hii umeihifadhi 'Mke wa Noah nyeupe'. Uliipata wapi?"

"Aliandika mwenyewe kwenye daftari langu. Mwandiko wake upo."

"Bwana Ambokile, namba hii ni ya nani?"

"Labda nilikosea kuandika," nilisema.

"Labda," alisema, kwa upole ule ule wa Pangani. "Basi tuipige, tumwombe radhi mwenyewe."

Akabonyeza. Akaiweka mezani.

Simu iliita mara nne. Ningeweza kusema kwenye mwito wa kwanza. Ningeweza kwenye wa pili. Kwenye wa tatu nilifungua mdomo kabisa, nikaufunga.

"Haro?"

Hakuwa Mokami.

"Shikamoo, mama. Hapa ni kituo cha polisi, usihofu. Naitwa Afande Kijakazi. Wewe ndiye uliyemwambia fundi atoe masega kwenye gari?"

"Marahaba. Ndiyo mimi. Kwani nyuki wamerudi?"

Mtu mmoja akaanza kucheka, afande akamtazama, akanyamaza.

"Hapana, mama. Fundi ameletwa hapa kwa jambo hilo. Mwenye gari anasema ni wizi."

"Wizi gani? Si nirimwambia mimi kwa mdomo wangu? Mwachieni mtu wa watu. Mwenye gari ni mkwe wangu, mwurizeni, si yuko hapo?"

"Yupo, mama. Nimemuuliza."

"Akasemaje?"

Afande Kijakazi alinitazama kwanza. Alinipa nafasi nyingine tena, yule mama, na sikuichukua.

"Amesema sauti yako haijui."

Nikasikia jogoo wa Susuni akiwika huko ndani ya simu.

"Amesema hanijui?"

"Ndivyo alivyosema, mama."

Hakupiga kelele, wala hakunilaani. Nilisikia akigeuka, sauti ikaenda mbali na simu, lakini ilitufikia sote pale kituoni bila kupungua.

"Mokami! Acha kufungasha. Zirudishe hizo nguo ndani, kwanza uje usikie hiri."

Kufungasha. Kumbe alikuwa anafungasha. Ijumaa, kabla ya Jumamosi yangu, kabla ya kazi, kabla ya moshi kupimwa tena, alikuwa ameshaamua kurudi, na mama yake alikuwa amemruhusu.

Machage, niliyemwita mwizi mbele ya watu, aliinama akatazama sakafu ili asiniangalie usoni.

Nikasikia hatua kwenye simu, na mlango. Kisha sauti ya yule niliyemkosa nyumbani kwa wiki saba.

"Nani, mama?"

"Muurize mwenyewe."

Afande Kijakazi akainyanyua simu mezani, akaninyooshea.